Wameshatangaza Kwamba Nasikia

Jumamosi, 4 Machi 2006
Wameutoa uvimbe sikioni. Sikio la kulia limekwenda nao — la kushoto nililipoteza kwa surua, Unguja, utotoni. Sasa kimya kitupu. Mwanangu Nasr kanambia mshipa wa kusikia haukukatwa, watanipandikiza kifaa ndani ya sikio. Kisha daktari kazungumza Kiarabu muda mrefu, kakunja uso. Mie naisoma midomo ya Kiswahili tu. Nikamgeukia Nasr. "Kasema utasikia, mama." Ah! Hotuba yote ile, ndiyo hayo tu?

Jumatatu, 10 Aprili
Wamenichoma sindano sikioni, wakapitisha umeme kuujaribu mshipa. Nasr kanambia: ukisikia, inua mkono. Nikainua. Lakini ilikuwa sauti, au maumivu? Wallahi sijui. Nilitaka kumwambia daktari, Nasr keshanibusu kichwa.

Ijumaa, 14 Aprili
Wifi yangu Aliya kaja kutoka mtaani kwake Azaiba na mabinti zake. Biriani, halwa, pongezi — za nini? Wanaanza Kiswahili, wanaingia Kiarabu, wanarudi, wanacheka. Mie nishapotea. Nikiuliza wamecheka nini: "Si kitu, wifi." Si kitu! Nikatikisa kikombe changu, maana yake kahawa basi. Hilo angalau wanalielewa. Nna upweke, jamani. Bora wangeondoka, niwe peke yangu kweli.

Jumanne, 13 Juni
Mei walinipandikiza; kidonda kimepona, leo kifaa wamekiwasha. Tk. Tk-tk. Kila anayefungua mdomo — tk, kama bomba linalovuja. "Umesikia, mama?" Nasr huyo. Nikamsoma midomo, nikaitikia kwa kichwa. Akatoka mbio na simu yake, kuwapa jamaa habari. Ndipo Edith, Mkenya anayepima masikio, akaziba mdomo kwa karatasi akasema kitu. Tk-tk-tk. Nikatikisa kichwa. Akashusha karatasi.

"Bado, mama. Pengine mwaka. Pengine ibaki hivi hivi."

Nilimshika mkono, nikalia. Tangu Machi, mtu wa kwanza kunambia pengine!

Nyumbani vigelegele, naviona kwa ndimi zao. Nimekimbilia chumbani kuandika. Aliya huyu hapa, kaninyooshea simu. Dada yangu Shariffa, kutoka Unguja. Analia, ati, anataka tuzungumze. Simu haina midomo! Nasr nyuma ya Aliya, anacheka kwa furaha. Wote wamejaa mlangoni, wananingoja mie.

Nimeipokea. Kalamu mkono huu, simu mkono ule. Tk. Tk-tk —