Biro ya Maman Faida

Bukavu, siku ya Mungu, kiisha misa

Yaya wangu Nabintu,

Nakusalimu wewe na wote wa kwetu Luhwindja. Mugongo wa mama umepoa, ao bado anapanda kilima kwa kusimama-simama? Na watoto wako, kikohozi kimewaacha? Mimi niko muzima. Barua hii sikuipeleka posta. Nimeipa shoferi wa kamyo akutilie mukononi, juu hapa barua zinafunguliwa na watu wasioandikiwa.

Unajua masomo yetu, hii shule ya teatre, iko na biro ya kusaidia wanafunzi. Anayeiongoza ni Maman Faida, mujane mumoja mupole. Mutu akikosa pa kulala, anamutafutia nyumba. Akigonjwa, anamuandikia karatasi ya dispanseri. Akiogopa kusimama mbele ya watu, anakaa naye mpaka woga unapungua. Mwaka wa kwanza, nilipolia juu ya kuwakumbuka ninyi, ni yeye alinipikia chai ya tangawizi. Lakini kila unachomwambia anakiandika mu kaye, daftari lake, na kaye anaifungia mu sanduku. Nilikuwa najiuliza nani mwingine anaisoma.

Sasa sikia. Siku moja kwenye mazoezi, rafiki yangu Cishugi, ule nilikuja naye likizo akamaliza maharagi yote ya mama, aliiga mukubwa wa chama wa kartie, mutaa wetu: vile anacheza kwenye sherehe za chama, tumbo mbele, koti yake ya abacost imemubana. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, tukacheka mpaka machozi. Kesho yake Maman Faida akamuita mu biro, wakafunga mulango, wakakaa muda murefu. Siku iliyofuata Cishugi hakuja. Karibu na saa sita nikaona wanaume wawili kwenye lango, watu wasiocheka. Maman Faida akatoka, akasema nao, halafu akanyoosha mukono kuwaonyesha njia ya Kadutu, kule Cishugi alikuwa anapanga.

Niliona kwa macho yangu, yaya. Kiisha masomo nilikimbia Kadutu. Mulango wazi, kitanda kitupu, shati lake bado kwenye kamba.

Nikarudia kwa Maman Faida, nikamuuliza Cishugi iko wapi. Hakuniangalia. Alisema tu, "Mwanangu, mambo ingine, kutoyajua ni afya."

Nikaona ananitisha. Jioni ile nikaambia wenzangu wote kwamba ni yeye alimuuza Cishugi. Tangu pale hakuna aliyeingia mu biro yake. Dada mumoja wa masomo, anayetoka Walungu, alitetemeka na malaria siku tatu juu ya mukeka, na sisi tukamukataza kwenda kuomba karatasi, mpaka akazimia tukamubeba mugongoni. Mimi mwenyewe sauti ilinikauka juu ya kupaza sana kwenye mazoezi. Nikakataa kumuona Maman Faida. Mualimu akangoja, akachoka, akapa mwingine nafasi yangu mu muchezo wa mwisho wa mwaka. Halafu direkteri akafunga biro, akisema kazi isiyo na watu ni bure. Maman Faida akabeba vitu vyake akapita katikati yetu. Hakuna aliyemupokea hata kikapo.

Juma lililopita, sokoni, muzee mumoja muuza muchele akaniita kwa jina. Alikuwa mujomba wa Cishugi, anatoka Luvungi. Akaniinamia kwenye sikio: Cishugi iko kwake, analima muhogo. Maman Faida alikuwa amesikia kwamba jina la Cishugi linaulizwa. Siku ile mu biro alimwambia aondoke mapema, akararua kurasa zake mu kaye mbele ya macho yake. Wale wanaume walipoelekea Kadutu, Cishugi alikuwa amekwisha kushuka kwenye bonde la Ruzizi.

Jana nilienda kwake. Alikuwa anachagua maharagi kwenye lungo. Nikapiga magoti, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Mikono yake haikusimama.

"Mugisho, nilikuona unaniangalia pale kwenye lango. Ningekuambia wewe, ungemwambia nani? Na ule angemwambia nani?"

Na ni kweli, uongo wangu ulienea masomo mazima kwa jioni moja tu. Kiisha akaleta kijiko, akaniangalia koo, akaniamuru nisiseme juma nzima.

Kwa hiyo ninanyamaza, yaya, na ninawatazama wenzangu. Mumoja kati yetu alicheka na Cishugi, halafu akaenda kusema. Si Maman Faida. Kila asubui tunasalimiana mukono kwa mukono, na sijui ni mukono upi ulimuuza.

Musalimie mama, na shemeji kule anachimba zahabu, na shangazi muchunga mbuzi, na baba mudogo mukatekista. Ila huyu usimusomee barua, anapenda habari. Mubaki na amani ya Mungu, na mulango mufunge vizuri.

Mudogo wako anayekupenda,
Mugisho