Usingoje Agosti

Antsirabe,
14 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Solofo,

Hujambo wewe, wifi yangu Nirina na wale mapacha? Mnaendeleaje na joto la huko Réunion? Sisi huku mvua zimeanza na watu wako mashambani wanapandikiza mpunga. Ukiniuliza hali yangu, mkono huu unaoandika ni mzima. Kilichobaki sikisifii.

Moyo wangu umechoka kusukuma damu, ndivyo alivyosema daktari, na hautarudi ulivyokuwa. Maji yanajaa miguuni, yanapanda tumboni, na yakifika kifuani nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni. Wiki iliyopita mvuta kigari wa sokoni alinitazama nikijikokota kupanda, akasema, "Mama, umenenepa, siku hizi unakula vizuri." Nikamwambia vuta twende. Laiti angejua kwamba anavuta maji.

Jikoni kule juu sijapanda tangu Mei. Zile ngazi kumi na nne nilizokuwa nazipanda na ndoo kichwani, sasa ya nne tu inanikalisha. Nimehamishiwa chini, mahali pa majembe na kuku, na chakula kinateremshwa kwangu hakina chumvi. Binti yangu Fanja anajua kupika, sitaki kumsema, lakini mboga bila chumvi ni kama kutafuna kitambaa. Kila asubuhi ananikalisha kwenye mizani ya magunia aliyoazima kwa jirani, anaandika kilo zangu kwenye kalenda. Zikiongezeka mbili ndani ya siku tatu, daktari ameagiza niongezewe kidonge cha kutoa maji, na siku hiyo naishi na ndoo.

Nilikosea pia, acha nikiri. Nilipewa lita moja ya maji kwa siku, nikaishika, kiu ikanitesa, na bado kilo zikapanda. Daktari akaniuliza, "Ukishamaliza wali unakunywa nini?"

"Maji ya ukoko, kama watu wote."

"Kiasi gani?"

"Birika."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hayo ni maji."

"Daktari, hayo ni chakula," nikamwambia. Wewe unajua. Nani kwetu aliwahi kuyahesabu na maji? Yanachemshwa kwenye sufuria ya wali, yanaliwa pamoja na wali. Sasa hata hayo nimenyimwa. Nilirudi nyumbani nikalia kwa ajili ya maji ya ukoko, mtu mzima wa miaka sitini na moja.

Tangu siku hiyo daktari huzungumza na Fanja nje, mlango umefungwa. Akirudi macho mekundu, anasema ni vumbi. Mvua inanyesha, vumbi gani hilo?

Barua yako niliipata. Umesema unalimbikiza likizo uje Agosti, tuwatoe baba na mama kaburini tuwavishe sanda mpya, ukae nasi wiki tatu. Nilifurahi, kisha furaha ikaniisha. Jumanne mfumaji alileta sanda za hariri. Nikazihesabu hapa kitandani pangu, ni tatu. Wazee wetu ni wawili. Nikamuuliza mume wangu ya tatu ni ya nani. Ranaivo aliikunja polepole, hakunitazama, akasema, "Ya akiba." Miaka thelathini na minane ya ndoa, yule mtu hajajifunza kudanganya. Sikugombana naye. Niliishika tu. Ni hariri nzuri, nzito.

Nimekata tamaa, Solofo, sina namna nyingine ya kusema. Naogopa kulala na naogopa kuamka. Watu wanakuja kunifariji, nami nawasubiri waondoke. Wewe ndiye ninayetaka kumwona. Omba likizo hiyo sasa, hata kama ni siku nne, hata wakikukasirikia kazini. Hiyo Agosti usinitajie tena. Ngoma zitapigwa, nguruwe watachinjwa, kaburi litafunguliwa. Wewe utaniona. Mimi sitakuona.

Ranaivo na Fanja wanakusalimu. Mpe wifi yangu salamu nyingi, na mapacha wabusu kwa niaba yangu. Mungu na wazee wetu wakufungulie njia, na waifungue upesi.

Ni mimi dada yako nikupendaye na kukungoja,

Bakoly