Itoka za Mpakani

Jumatatu, 3 Februari 1997
Mvua hakuna. Mfereji unatoa hewa tu. Na huyu Sifuna, mtunza bustani mpya wa hapa kwenye makao ya wazee, anamwagilia nyasi saa saba mchana! Nilikuwa nyapara wa miche ya kahawa miaka thelathini na moja. Kwangu angefutwa kabla ya chai. Nikamwambia. Akacheka, akaniita babu kwa Kikuyu. "Guka, wewe umestaafu. Kaa tu kwa kivuli." Kivuli gani? Mti ameukata.

Jumanne, 4 Februari
Wageni wa kanisa wanakuja wiki ijayo. Matroni Wilkister amenunua chokaa, mawe yote yapakwe meupe. Wazee hatuna meno na bado tunapewa githeri ngumu ya mahindi na maharagwe, lakini mawe yatapendeza.

Nyuma ya chumba changu mawaridi ya marehemu mke wangu Njoki yamechipua. Mashina saba. Niliyaleta yakiwa vijiti ndani ya gunia, tulipotolewa nyumba za kampuni ya kahawa. Mwaka huo huo Njoki akafa. Mawaridi hayo hunywa maji niliyoogea. Siku nyingine siogi, nayapa yote.

Jumatano, 5 Februari
Sifuna ameng'oa itoka zote za upande wa shamba la jirani yetu Muigai, akazipanda duara pale getini. Eti maua mazuri hivyo yamefichwa nyuma! Matroni akampigia makofi. Mmoja wa Bungoma, mwingine wa Siaya, mila za huku hawazijui. Itoka haipandwi kwa uzuri, ni alama ya mpaka. Waya tuliibiwa zamani, bikoni ya mpimaji ardhi haionekani, zilibaki itoka tu. Kwetu ukiing'oa, wazee wanakudai mbuzi.

Nilikuwa pale pale kitini. Neno moja lingetosha. Sikusema. Si nimestaafu? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikanywa chai yangu, na ilikuwa tamu.

Jumamosi, 8 Februari
Muigai amepita mpakani mara mbili, mikono nyuma. Hakusalimia mtu. Huyo anajua itoka ni nini.

Jumatatu, 10 Februari
Vigingi. Muigai amevipigilia hatua tisa ndani ya kwetu, na kamba juu. Mawaridi ya Njoki yako upande wake.

Mimi ni mjinga kuliko Sifuna. Yeye hakujua.

Alhamisi, 13 Februari
Naibu wa chifu amekuja na wazee watatu. Muigai anasema mpaka uko kwenye vigingi tangu enzi za babake. Sifuna akaulizwa alizing'oa wapi. Akaonyesha hapa, kisha pale. Mashimo aliyafukia na kusawazisha vizuri, kazi safi ya kwanza niliyoiona kwake. Matroni ameshamwambia shamba likienda, naye aende. Sifuna akanigeukia. "Guka, wewe hukaa huku kila siku. Waambie basi."

Nikaenda, nikachomeka mkongojo ilipokuwa itoka ya kwanza. Nikaonyesha ya pili. Hapo Muigai akauliza, polepole kabisa, kama mzee anajua yote haya, siku itoka zilipong'olewa alikuwa wapi?

Wote wakanitazama. Sifuna pia. Nikasema naenda kuchukua koti.

Koti ninalo mwilini. Naandika haya nimekaa kitandani, wao wananingoja nje. Dirishani namwona Sifuna. Amechukua ndoo, anamwagilia mawaridi ya Njoki. Saa saba hii, jua la utosini, majani yote yanalowa, pumbavu huyu.

Matroni anabisha mlango. Anauliza kama koti limepatikana.