Dodoki Jipya

2 Mei

Kwa mjukuu wangu Sindano,

Umefika salama? Huko ugenini unakula? Sisi huku wazima, isipokuwa kiuno changu, nacho nimeshakizoea kama mume mkorofi. Anayeniandikia ni mama wa dukani, maana mimi na kalamu hatujuani. Nimemkataza kurembesha. Nikisema pumbavu, aandike pumbavu.

Cherehani yako nimeifunika shuka. Hakuna atakayeikanyaga pedali mpaka urudi na mguu wako wa kulia, ule mzima. Wateja wasubiri. Mwenye haraka avae gunia.

Sasa nisikilize. Usiende kupasuliwa goti ukiwa mchafu, watu wakasema umetoka nyumba isiyo na maji. Jisugue miguu yote miwili mpaka ing'ae. Dodoki jipya nimelitia begini, chini ya nguo.

Bibi yako

11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, goti la kushoto tu ndilo limevimba kwa safari. Tuko watatu chumbani, na jirani yangu anakoroma kukushinda wewe. Lugha yao siijui, kila kitu naitikia kwa kichwa.

Leo daktari amekuja na kalamu nyeusi, akanichora mshale mkubwa kwenye paja la kushoto, akaongea weee, nikaitikia. Kunichafua kama ukuta wa shule! Alipotoka tu nimeusugua kwa dodoki lako mpaka ukaisha.

Kesho asubuhi ni zamu yangu. Nikirudi, nitakanyaga cherehani kwa mguu wowote ninaotaka.

Mjukuu wako

3 Juni

Sindano,

Hujambo? Wiki tatu kimya. Nijibu hata neno moja.

Mama wa dukani aliponisomea barua yako, alifika kwenye mshale akarudia kusoma. Nikamuuliza, "Mbona unarudia?" Akasema huenda ule mshale ndio uliokuwa ukiwaonyesha mguu wa kupasua. Nikamwambia afunge mdomo wake na duka lake.

Bado sijalala vizuri tangu siku ile. Niambie kwamba yeye ni mjinga.

Bibi yako

22 Juni

Bibi,

Shikamoo. Kiuno chako kinaendeleaje?

Wamefungua goti la kulia. Picha yangu ya mifupa waliitundika kinyume, na alama haikuwepo. Nakumbuka mmoja aliushika mguu huu akaniuliza kitu. Nikaitikia.

Daktari alikuja na mkalimani, akalia mbele yangu. Goti likaingia usaha, wakalifungua mara mbili zaidi, na sasa wameunga mfupa kwa mfupa. Halitakunjika tena maisha yangu yote. La kushoto hawaligusi, wanasema mwili wangu umechoka.

Nitarudi na kiti cha magurudumu. Mwambie mama wa dukani asiseme habari ya dodoki kwa mtu yeyote. Nimelitupa. Wewe hukujua, Bibi, na mimi ndiye niliyesugua.

Cherehani iuze.

Mjukuu wako

9 Julai

Sindano wangu,

Sikuulizi hali. Najua.

Cherehani siuzi. Pumbavu. Mama wa dukani, andika, usinitazame.

Habari ya dodoki nimeitangaza mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Nimesema mimi ndiye niliyekwambia ujisugue, anayetaka kutukana aje kwangu. Wamekuja wawili tu, waliobaki wanaogopa mdomo wangu. Wewe usijibebeshe lawama, wala usinipunguzie. Dodoki nililitia begini kwa mkono huu.

Mkono huu sasa nimeupa kazi. Fundi baiskeli ametoa mkanda wa pedali, akafunga mpini kwenye gurudumu la cherehani. Kila asubuhi nakaa kwenye stuli nazungusha. Siku ya kwanza uzi ulikatika mpaka nikaitukana mashine na aliyeitengeneza. Jana umekatika mara tatu. Begani panawaka moto, na pawake.

Wewe utaongoza kitambaa, mimi nitazungusha. Ukisema polepole, nitakwenda polepole. Ukisema simama, nitasimama. Ya kukufundisha sina tena.

Mlango nimeupanua, kiti kitapita. Rudi, mama. Rudi hata kama hujaoga.

Bibi yako