Msaragambo wa Watu Wawili

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono umekataa kukuandikia bila shikamoo.

Huko Usangi tulikokulaza, mgomba wako mmoja uliangushwa na upepo, Mama kausimamisha kwa mti. Mimi niko huku ziwani Jipe, ndani ya mashua yako. Nimekaa kwenye ubao wa wageni, ule uliokuwa ukinifukuza: "Ondoka hapo, pana wenyewe." Wenyewe hawaji siku hizi. Kuna mtu wa kijiji cha Kifaru anaitaka mashua, aivunje apate mbao za banda la kuku. Mama kaniachia niamue.

Hali mbaya uliiona ikianza. Kwanza wageni waliacha kuagiza samaki, wakaja na hotipoti zao. Halafu waliozoea kukodi kutwa nzima wakaomba masaa mawili. Mwisho ikawa simu tu, wanauliza bei, wanasema "tutakucheki, mzee," halafu kimya. Hata wale Wazungu wa kuangalia ndege walisema kwao nako maisha yamepanda. Wewe ukakaa unatia tanga viraka.

Na kila Jumamosi, mgeni awepo asiwepo, ulinigongea mlango: "Msaragambo!" Utadhani tuko mlimani Usangi, baragumu la kazi ya kijiji limelia na kila kaya inatoka na majembe kutengeneza barabara. Kumbe ni mimi na wewe tu, tunakata matete yanayoziba njia ya mashua, kutoka mwaloni hadi maji ya wazi. Wewe na mundu, mimi na kafi nagonga ubavu wa mashua ili kiboko ajue tupo. Nilikuwa naichukia kazi ile, Baba. Matete yanachana mikono, tope linanuka. Nikinung'unika unasema, "Njia haingoji mgeni. Mgeni ndiye anayeikuta njia."

Ile Jumamosi ya mwisho uliita, nikakujibu nikiwa kitandani: "Unamkatia nani? Nani anakuja?"

Ulisimama kidogo mlangoni. Nilikusikia ukikohoa. Ukaenda peke yako, ukarudi umelowa hadi kifuani, na hukunisema hata neno. Heri ungenigombeza. Wiki mbili baadaye tukakupandisha Usangi ndani ya jeneza. Daktari alisema ni mapafu, ugonjwa wa siku nyingi, wala si yale maji. Mama hunikumbusha hilo kila nikilia. Halinisaidii.

Basi sikukata tena. Nikate ya nini, wageni wenyewe wako wapi?

Mwezi uliopita simu yako ikalia. Bado naitia chaji, usinicheke. Walikuwa wale manesi wastaafu wa Same, wanaokuja kila mwaka na kofia zao pana. Walikuwa wamechangishana kidogo kidogo mwaka mzima. Nikafurahi mno, nikasema karibuni sana. Hata kwenda kuitazama njia sikwenda. Na habari zako sikuwaambia.

Wakaja, wakapanda, nikatweka tanga. Hatukufika popote, Baba. Matete yalikuwa yamejifunga kama ukuta. Nilisukuma na upondo hadi machozi yakanitoka mbele ya wageni. Yule mnene aliyependa kukutania akauliza, "Na mzee wetu leo kajificha wapi?" Nikamwambia. Wakavua kofia, wote. Mmoja akasema polepole, "Ndiyo maana njia imefunga." Hakunilaumu, lakini neno lile lilinichoma mpaka leo linachoma.

Hawakutaka kushuka. Walikula chakula chao humo humo, mashua imekwama pale pale, wakakuombea, wakarudi Same.

Yule wa Kifaru nimempigia asije. Atafute mbao kwingine.

Jana ilikuwa Jumamosi. Nilisimama mlangoni kwangu, pale pale uliposimama wewe, nikaita: "Msaragambo!" Nikachukua mundu wako nikaenda. Peke yako ni kazi kweli, unakata kidogo, unaacha, unagonga mashua, unakata tena. Sasa najua siku ile ulifanyaje. Nimepata hatua sita tu, na hakuna mgeni aliyepiga simu.

Pumzika, Baba yangu. Kila Jumamosi nitaita, na nitatoka. Nisamehe ile moja.

Binti yako,
Nakijwa