Wifi Yangu Anakuja Kutukagua

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijagombana na nyumba nzima, maana mume wangu ananiambia ninatafuta shida kwa tochi, na shida yenyewe ni wifi yangu, ingawa nampenda na wewe ungemwona ungempenda.

Mimi ni mhadhiri katika kitivo cha elimu cha chuo kikuu, nawafundisha wanaokwenda kufundisha watoto wa madarasa ya mwanzo kusoma na kuandika, na programu hiyo niliianzisha mwenyewe, nikaipigania vikaoni mpaka sauti ikakauka, na sasa linakuja jopo la wataalamu wanne kutoka nje ya chuo kukikagua kitivo chote, wakisema programu yangu haina maana inafungwa, wakisema ina maana inaendelea, hakuna katikati. Siogopi. Nasema bila majivuno, wanafunzi wangu wakitoka hapa kazi wanaijua, na shule zinawagombania.

Sasa juzijuzi mkuu wa kitivo alitusomea kikaoni historia za kazi za hao wataalamu, sisi tukinywa chai, mmoja profesa wa historia ya elimu ambaye ndiye mwenyekiti, wa pili mtu wa takwimu aliyekaa sana kwenye mambo ya mitihani, wa tatu aliwahi kuongoza chuo cha ualimu, akafika wa nne akashusha miwani, akasoma kwamba alifundisha darasa la kwanza, akawa mwalimu mkuu, akawa mkaguzi wa shule, sasa amestaafu.

"Huyu wa nne kuna anayemfahamu?" akauliza.

Wenzangu wakatikisa vichwa.

"Basi hatatusumbua. Ni mwalimu wa watoto tu."

Mshauri, kikombe kilikuwa mdomoni na kikabaki hapo hapo, kwa sababu huyo wa nne ni dada wa mume wangu, tumbo moja, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ila majina yetu hayafanani kwa kuwa yeye anatumia la mumewe na mimi nimebaki na la baba yangu. Nilikasirika alivyomdharau, nikajivunia kwamba ni wetu, nikataka kusema, na nikanywa chai.

Jioni nikampigia simu, akacheka.

"Ndiyo, mke wetu, nakuja kukukagua. Fagia darasa."

Nikamwuliza kama mwenyekiti anajua. Akasema hajaulizwa bado, ila siku ya ufunguzi kila mtaalamu atasimama ukumbini mbele ya wahadhiri wote, aeleze amefanya kazi gani na wapi, na aseme kama ana mtu wake hapa chuoni. Yeye ataeleza kazi zake, kisha atakaa.

"Nikisema wataniondoa," akaniambia. "Na wakiniondoa mimi, nani mwingine pale amewahi kumshika mtoto mkono akamfundisha kuandika?"

Hapo ndipo anaponimaliza, kwa sababu ana hoja, na kwa sababu tangu astaafu nimemwona anavyozeeka kwa kukosa kuulizwa kitu, akipigiwa simu ni ya harusi au ya msiba, na tangu aitwe kwenye jopo hili amenunua viatu vipya na anatembea kama msichana. Mume wangu anasema dada yake hawezi kuniangusha, damu nzito kuliko maji. Mimi namwambia sitaki kubebwa. Na kwa kweli wifi habebi mtu, ushahidi ninao: Jumapili alikuja kwetu, akakaa kwenye kochi, akaniamuru nifundishe lile somo nitakalofundisha jopo likiingia darasani, wanangu wakawa wanafunzi, na alinichambua kama karanga. Eti nawapa watu mgongo ninapoandika ubaoni, eti mfano wangu wa kwanza ni mgumu kuliko wa pili, eti nauliza maswali kisha najijibu mwenyewe. Nikabadilisha yote, na sasa somo limenyooka. Mtu mwenye upendeleo angefanya hivyo?

Basi nikae kimya ili programu ikaguliwe na anayeijua kazi, au niseme nimvunje moyo mama aliyenipokea kwao kama mwanawe? Nijibu upesi, kwani siku ya ufunguzi nitakaa ukumbini na uso wangu haujui kuficha kitu.

Mke wa Kaka

*

Mke wa Kaka,

Unawapenda watu wako, na kazi unaiweza, hilo halina ubishi. Kwa hiyo nitakusema kama mtu mwenye akili zake timamu.

Umeniletea ushahidi kwamba wifi yako hana upendeleo. Urudie kuusoma. Alikuja nyumbani kwako, akalisikiliza somo, akalirekebisha, ukamfuata neno kwa neno, na sasa ataingia darasani na kalamu yake kulitolea hukumu somo hilo hilo. Atakuwa anasahihisha kazi yake mwenyewe, mama. Wahenga walilalamika kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani; kwenu nyani amemsaidia ngedere hata kuandaa utetezi. Na hamkuona ubaya kwa sababu nyote wawili ni walimu, na mwalimu akiona somo limepinda hawezi kunyamaza. Naamini alifanya kwa nia njema. Lakini tangu Jumapili hawezi tena kuwa mkaguzi wako, hata kama angekuwa si ndugu yako kabisa.

Halafu hao watatu mbona unawabeza? Mkuu wako alimdharau wa nne ukakasirika, nawe umewapitia wengine kama mihogo sokoni. Mtu wa takwimu ndiye atakayeuliza watoto wanaofundishwa na wanafunzi wako wanasoma vipi. Aliyeongoza chuo cha ualimu amewaona walimu wapya wengi wakitetemeka mbele ya darasa kuliko mimi na wewe. Kila mmoja ana jicho lake, na chema chajiuza.

Najua kinachokuuma si jopo. Unamwonea huruma wifi yako, na hata mimi ninayemsoma tu nimemwonea. Lakini fikiria ripoti imetoka, programu imepita, na mtu mmoja akawaona mmekaa pamoja kwenye harusi ya familia. Ripoti itatupwa, programu yako itatupwa nayo, na yule mama, pamoja na miaka yote ya kazi safi, atakumbukwa kwa hilo moja. Huruma gani hiyo unayomfanyia?

Nenda kwake wewe mwenyewe. Si kwa simu, na mume umwache nyumbani na damu yake nzito. Mwambie ampigie mwenyekiti kabla ya siku ya ufunguzi, ataje undugu na aitaje Jumapili pia, kwani akitaja moja akaficha la pili ni bure. Aombe asiguse chochote cha programu yako, abaki na kazi nyingine kama watamruhusu. Wakimkataa, apendekeze mwalimu mwingine wa madarasa ya mwanzo akae mahali pake. Wapo, na yeye anawajua. Siku hiyo hiyo nenda kwa mkuu wako, mwambie yule "mwalimu wa watoto tu" ni nani kwako. Hapo una ruhusa ya kufurahia uso wake kidogo.

Wifi akikataa, wiki isiishe hujampigia mwenyekiti mwenyewe, na umwambie wifi kabla hujapiga. Atanuna. Mwache anune, endelea kumpelekea watoto wamsalimie shangazi yao. Aliyemlea mumeo hatashindwa kukusamehe.

Na lile somo lililonyooka liweke kando. Tayarisha jingine, peke yako, hata kama utawapa watu mgongo. Umeniandikia kwamba huogopi, lakini ulipopata nafasi ya kupimwa, wa kwanza kukupima ulimkalisha kwenye kochi lako. Mtu asiyejua hata jina la mumeo akikaa nyuma ya darasa, akasikiliza mpaka mwisho, akasema programu hii iendelee, utakuwa umejua kwamba ina maana. Kwa sasa, mwalimu, unatumaini tu.