Kinyama cha Mama Kwenye Nta

Mbekenyera, Ruangwa
28 Januari 2006

Mwanangu Shamimu,

Asalaam alekum. Sisi hatujambo kiasi. Korosho tumeuza, sasa tunapanda ufuta. Vipi baridi ya Japani? Mbona kimya, au maabara yenu haina kalamu?

Habari za mama yako si nzuri. Kikohozi tulichokitibu kama TB miezi minane hakikuwa TB. Nachingwea walituelekeza hospitali kubwa, wakamchoma sindano kifuani na kutoa kinyama. Ni saratani ya mapafu. Mama yako, ambaye moshi wa sigara yangu tu humkera! Mimi ninayevuta tangu jeshini, kifua kizima. Naona aibu hata kumtazama.

Daktari alitupa majibu pamoja na kile kinyama, kimegandishwa kwenye nta. Alisema tukitunze, huenda kikahitajika Dar. Barabara imekatika kwa mvua. Wewe unasomea mambo haya, tuambie tufanye nini. Kama ni la haraka, mpigie Mwalimu Fidelis pale Ruangwa. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii.

Baba yako,
Harithi


Fukuoka, 6 Machi 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama anakula? Analala? Barua yako nimeipata na nimelia sana. Leo nimempigia Mwalimu Fidelis aje awaambie jambo moja: msikitupe kile kinyama.

Nikueleze. Kila seli ya mwili ina kama sikio la kusikia amri ya kukua. Kwa baadhi ya wagonjwa sikio hilo limeharibika, linasikia amri hata pasipo na aliyesema, na uvimbe unakua bila kukoma. Kuna vidonge vya kuliziba. Mwenye sikio bovu namna hiyo anaweza kuongezewa mwaka, hata miwili. Asiye nalo havimsaidii kitu, na mara nyingi huhesabiwa miezi. Wanaoonekana nalo zaidi ni wanawake wasiovuta, kama mama.

Profesa wangu amekubali kukipima bure, na vidonge atatoa. Ila bila kinyama, hatoi. Kitumeni kama kilivyo.

Mwanao,
Shamimu


Mbekenyera, 20 Machi 2006

Mwanangu,

Asalaam alekum. Mama yako anakusalimia, sauti imemkauka.

Mwalimu Fidelis alifika na pikipiki Jumanne, tarehe 7. Ijumaa iliyotangulia, tarehe 3, tulikuwa tumekizika kile kinyama.

Usinifokee kwanza, nisikilize. Mama yako alikosa usingizi kwa kujua nyama yake imo sandukuni kama kitoweo. Shehe Mbaruku akasema kiungo cha mtu huzikwa. Nami nikaona hakizikwi na nta, si halali. Nikachemsha maji, nta ikayeyuka, nikakiosha kwa mkono wangu, nikakivika kitambaa cheupe. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama.

Mwalimu aliponipa ujumbe wako nilichukua jembe, nikafukua. Mvua ilishanyesha siku nne. Nilipata kitambaa tu, na mchwa.

Baba yako,
Harithi


Fukuoka, 12 Aprili 2006

Baba,

Shikamoo. Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu. Ningekuwa mwongo.

Lakini njia ipo. Mama achomwe tena, kitoke kinyama kingine. Najua inauma. Mbembeleze, mwambie ni mimi ninayeomba. Tafadhali msichelewe.

Mwanao,
Shamimu


Mbekenyera, 25 Mei 2006

Mwanangu Shamimu,

Salamu zako zimefika. Mama yako alikubali bila kubembelezwa. Alisema, "Kama ni mwanangu anataka, wachukue hata pafu zima." Tulimpeleka Nachingwea kwa lori la chumvi. Wakakuta kifua kimejaa maji, hawezi kuchomwa kwa ajili ya kipimo. Siku ya tatu akafariki. Tumemzika hapa nyumbani, na watu walikuja hata kutoka Chunyu na Matambarale.

Kila mtu ananiambia ni kazi ya Mungu. Nakubali, ila wewe umesoma. Nakuuliza kama mtu mzima anavyomuuliza mtu mzima, nisingeyeyusha ile nta angekuwa hai? Niandikie ndiyo au hapana. Usinionee huruma.

Baba yako,
Harithi


Fukuoka, 19 Juni 2006

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Pole yetu sote.

Profesa alinishauri niandike hapana, ili upumzike. Siwezi. Siwezi kuandika ndiyo pia. Huenda sikio lile lilikuwa limeharibika na vidonge vingemfaa, huenda halikuwa. Hakuna kilichobaki cha kutazama, kwa hiyo hatutajua kamwe.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Lipo jingine ambalo hukuuliza.

Barua yako ya kwanza ilinifikia tarehe 14 Februari. Niliijua hati yako, nikaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nilikuwa na mtihani, nikadhani ni habari za korosho na za kuniuliza nitaolewa lini. Niliifungua tarehe 6 Machi, mtihani ulipokwisha, na simu niliipiga saa ileile. Kuanzia tarehe 14 hadi siku mliyozika ni siku kumi na saba, baba. Simu ya dakika tatu ingetosha.

Ukitaka kuniandikia, niandikie. Usipoandika, nitaelewa.

Mwanao,
Shamimu